Fupi na Ndefu

Mbili, juu ya gunia la chumvi lililopasuliwa.
Mama mmoja kazizaa, asema Lechipya, mtunza ghala,
tumbo moja, risasi zile zile,
ila huyu katoka na shingo, huyu hakutoka nayo.
Chagua, Nyemo. Chai yangu inapoa.

Naanza na ndefu.
Mtutu wake unafika mlangoni kabla yangu.
Kitako kilichongwa kwa mkono wa mtu mrefu:
nikikibana begani, kidole kinakifuata kifyatulio
kama anayeomba chumvi nyumba ya tatu.
Lakini inaona, hii.
Kutoka tuta la reli hadi mgunga wa pili ng'ambo ya mbuga
inaona. Kwenye mafunzo, karibu na Saranda,
nililipiga debe tupu hatua mia tatu,
na mlio wa debe ukanirudia umechelewa,
kama habari ya msiba iliyokuja kwa barua.

Hujikoki yenyewe, zote mbili,
ila kila risasi bado yadai kidole chake.
Hapo hakuna fupi wala ndefu.

Ya pili naipakata.
Kwenye pikipiki itatulia mgongoni
bila kugombana na matawi wala abiria.
Ina kelele, mdomo wake uko karibu na sikio,
na usiku hutema moto unaokupofusha wewe uliyeishika.
Lechipya anasema mbali haifiki vizuri.
Nasema, mbali wapi?

Maana kichaka cha Itigi hakina mbali.
Usipoinama, kitakuinamisha.
Desemba ile, majani yamefunga kama mlango,
mbogo alitoka ubavuni mwa Mnyawami.
Mwili uligeuka. Mtutu haukugeuka;
tawi liliushika kama mwenye duka anayedai deni.
Leo Mnyawami anauza mkaa pale stesheni,
anakaa kwa nyonga moja,
na akiulizwa kuhusu mbogo anaanza kulitukana tawi.

Baba aliponikatia fimbo ya kuchungia
alinipima kwanza, kwapani hadi ncha ya kidole,
akatema mate, akakata.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, alisema,
akarudi kwenye mtama wake.
Methali haikusema itakuwaje
kama nyoka huyo unamfahamu.

Kwa sababu mwezi wa tisa, kiangazi kimekausha hata salamu,
nililala kifudifudi na ile ndefu,
na kule, kwenye mchanga wa korongo, palikuwa na doa.
Doa limebeba gobore. Doa limeinama juu ya nyayo za ndovu.
Nilishusha pumzi nusu, kama tulivyofundishwa,
nikaipandisha shabaha, nikaishikilia hapo.
Doa likajikuna shingoni.
Likajikuna tu, kwa mkono wa kushoto,
kama anavyojikuna Chibago, mume wa dada yangu,
akitafuta la kusema.

Sikupiga. Sikuita pia; sauti isingefika.
Doa liliondoka na mpaka leo sijui lilikuwa nani,
na sikukuu dada akinipakulia ugali
naziangalia nyayo za mumewe mlangoni.

Ndiyo maana nataka hii isiyofika mbali.
Nataka nilazimike kusogea
hadi nione kandambili za tairi, kiraka cha suruali,
hadi niweze kusema Mbukwa
na yule mtu, hata kama ameshika gobore,
mdomo wake ujibu wenyewe kabla hajafikiri.
Huenda akanipiga. Najua.
Ila atakuwa amenipiga mimi, si doa.

Lechipya analamba kidole, anafungua daftari.
Namba. Risasi ishirini. Irudi safi Ijumaa.
Sababu ya kuchagua?
Kalamu imesimama hewani,
chai imeshaota utando.

Vichaka, nasema.

Anaandika: vichaka.